Yungiyungi la Ziwa Ntembwa

Tunsume Chaula alijua kwa pua kabla ya kujua kwa mkono. Tangu asubuhi alikuwa ameketi kwenye meza ndefu ya Kituo cha Kulaza akifungua chupa moja baada ya nyingine, na kila chupa ilitoa harufu ileile ya mchanga mbichi, harufu ya kitu kilicholala salama. Ilipofunguka chupa ya Mzee Simbeye, ilitoka harufu ya yai viza.

Alimimina mchanga kwenye sinia. Kiazi kilikuwemo, cha ukubwa wa yai la kwale, na kwa macho kilionekana kizima. Alipokibonyeza kwa kidole gumba kikapasuka, na ndani yake mlikuwa na uji mweusi. Akaupekua mchanga wote kwa vidole, punje kwa punje, akitafuta japo kitoto kimoja kilichojitenga na mama yake. Hakikuwemo.

Kesho yake ilikuwa siku ya kurudisha mimea. Watu wa makazi yote ya uwanda wa Kitulo wangekuja na makarai na ndoo zao, wamejifunga mablanketi, kila mmoja kuchukua alichokileta mwanzoni mwa kipupwe. Na kipupwe cha wakati ule hakikuwa tena kile cha miezi miwili ambacho bibi yake Tunsume alikizoea. Tangu mataifa makubwa yatandaze Pazia angani, lile vumbi jepesi lililomwagwa na ndege zisizo na rubani ili kulipunguzia jua makali, dunia ilipoa kama ilivyoahidiwa, lakini mvua zilihama. Bondeni maziwa yalikauka. Huku juu mvua ilibaki, na baridi ikaja kuishi nayo. Kwa miezi mitano ya mwaka mabwawa yaliganda hata mtu akaweza kuyavuka kwa miguu. Watu wa Ziwa Ntembwa walipopandishwa huku kwa malori walibeba walichoweza kubeba, na wengi wao walibeba yungiyungi.

Mmea wa maji ya joto hauijui baridi. Ukiguswa na barafu unakufa, basi. Lakini ukame unaujua vizuri, kwa sababu huko ulikotoka ziwa lilirudi nyuma kila kiangazi, na yungiyungi lilikuwa likijikusanya lote ndani ya kiazi kimoja kidogo na kulala kwenye tope mpaka mvua. Ndiyo hila waliyoigundua pale Kituoni. Hawakuufundisha mmea baridi. Waliudanganya kwamba ziwa linakauka. Walipunguza maji kidogo kidogo, wakatia dawa waliyoiita maji ya kiu, na kwa siku arobaini majani yalisinyaa, shina likanywea, kiazi kikakomaa. Kisha kiliwekwa kwenye mchanga wenye unyevu, ndani ya chupa, ndani ya kabati lenye joto la kadiri, na kabati likasikiliza pumzi yake usiku na mchana. Taa ya kijani ilisema kimelala. Taa ya njano ilisema kinahangaika.

Mzee Simbeye alileta karai lake siku ya mwisho kabisa, siku kumi na nne baada ya wenzake, kwa kuwa alikuwa matangani. Mke wake, Esnati, alikuwa amefariki. Ni Esnati aliyeling'oa yungiyungi lile kwa mikono yake asubuhi ya malori, akalikumbatia mapajani siku mbili za safari, na wanawake wenzake wakamcheka kwa kubeba ua akaacha sufuria. Mzee hakueleza mengi siku ile. Alisema tu, "Nisamehe kwa kuchelewa, mwanangu. Limebaki hili."

Mikono ya Tunsume ilikuwa imekufa ganzi kwa baridi, na alitaka kufunga makabati yote siku moja aende akapumzike. Kwa hiyo aliongeza dawa maradufu ili kiazi cha Mzee kiwafikie wenzake. Kwa nje kilionekana kimelala. Moyo wake ulikuwa bado macho, na kwa miezi mitano gizani ulijila wenyewe. Mwezi wa tatu taa yake iligeuka njano. Tunsume aliiona, akaandika daftarini, "Pumzi imepanda kidogo, tutazame," na hakutazama.

Sasa alisimama na sinia mkononi, akaenda hadi kabati la mwisho lililokuwa na akiba ya Kituo. Humo mlikuwa na viazi vya yungiyungi buluu lililokuzwa kwa ajili ya mabwawa ya hoteli na bustani, ua zuri lisilozaa mbegu, lisilojua maji mengine zaidi ya maji matamu ya bomba. Alichagua kimoja cha ukubwa wa yai la kwale. Alikigeuza, akakipima kiganjani. Akajiambia kwamba ni kwa mwaka huu tu, mpaka mzee apate nguvu.

Asubuhi ya pili Mzee Simbeye alikuwa wa kwanza kwenye foleni. Alikuwa amekonda, koti lake likimning'inia mabegani. Tunsume alimkabidhi chupa, naye akaipokea kwa mikono miwili akainamisha kichwa, kama mtu anayepokea mtoto mchanga.

"Limeamka salama?" aliuliza.

"Salama, Mzee."

"Mungu akubariki, mwanangu. Nilikuwa nimejiambia, hili nalo likiondoka, basi na mimi."

Maneno hayo yalimfunga Tunsume mdomo kwa miaka mitatu.

*

Mwaka wa kwanza yungiyungi lilichanua mapema. Mzee alikuja hadi Kituoni kumwita akalione, na Tunsume akatafuta udhuru. Mwaka wa pili alimtumia ujumbe kwamba maua yamefika saba kwa mpigo, kwamba Esnati hakuwahi kupata zaidi ya manne, na kwamba watu walikuwa wakitoka makazi mengine kuja kulitazama. Safari hiyo alikwenda, maana kukataa tena kungeonekana vibaya. Bwawa lilikuwa la saruji, dogo, nyuma ya nyumba. Maua yalisimama juu ya maji, buluu iliyokolea kupita ile ya zamani, na Tunsume alipoyatazama alihisi kila mtu atakayeyatazama ataona alichokiona yeye. Hakuna aliyeona. Mzee alikuwa ameweka kigoda kando ya maji.

"Hapa ndipo tunapoongea," alisema, na hakuona haya kusema hivyo. "Namweleza habari za watoto. Nani kaolewa, nani kapata kazi. Nikimaliza naingia ndani, moyo umetulia."

Alikuwa amenenepa. Alikuwa ameanza hata kucheka. Tunsume alirudi nyumbani akijiambia kwamba dawa ni dawa, hata mgonjwa asipojua imetengenezwa na nini. Alijiambia hivyo mara nyingi. Kila kipupwe Mzee alileta karai, na kila kipupwe Tunsume alikilaza kiazi kile kwa uangalifu kuliko vyote, siku arobaini kamili, na taa yake haikugeuka rangi hata mara moja.

Kisha Pazia likaanza kuchakaa. Mataifa yaligombana nani aendelee kulirudishia vumbi, na walipokuwa bado wanagombana, vumbi lilishuka. Siku moja watu wa Kitulo walitoka nje wakakuta kipande cha anga chenye rangi ya buluu, si weupe wa Pazia, na watoto wakaogopa. Mwaka uliofuata mvua zilianza kurudi bondeni. Picha zikaja za Ziwa Ntembwa likiwa na maji.

Ndipo alipofika Kemilembe. Alitoka Ofisi ya Kurejesha Maziwa, mwanamke wa miaka thelathini hivi, mchangamfu, mwenye viatu vya mpira na begi lililojaa vipimo. Alikaa na Tunsume ofisini mchana mmoja, akanywa chai yake haraka haraka huku akieleza.

"Ntembwa ni maji ya magadi, Dada Tunsume. Unajua hilo. Yungiyungi la kawaida ukilitia mle haliishi wiki mbili. Lile la Ntembwa peke yake ndilo lililozoea, na chini ya majani yake ndiko ngege walikotagia na vifaranga vyao vikajificha. Bila majani hakuna samaki. Bila samaki, hawa watu tunawarudisha wakale nini?"

"Hamkuhifadhi mbegu?"

"Ghala liliungua mwaka wa nne wa Pazia. Tumezunguka makazi yote. Watu walibeba mimea mingi, lakini yungiyungi la Ntembwa lenyewe, lililotunzwa mfululizo tangu siku ya kuhama, tumelipata moja tu." Alitabasamu. "La yule mzee wako. Nimetoka kwake sasa hivi. Amelia."

Tunsume alishika kikombe chake kwa mikono yote miwili. "Mmelipima?"

"Nimelipima jani. Ni yungiyungi buluu, jamii ileile. Lakini ndani ya jamii kuna koo nyingi, na ukoo wa Ntembwa sina pa kuulinganisha, maana kielelezo kiliungua pamoja na ghala. Kwa hiyo tunategemea ushahidi wa mtunzaji." Alitoa karatasi begini akaiweka mezani. "Wewe ndiye umelilaza kila mwaka. Unatia sahihi hapa kwamba mfululizo haujakatika. Tutalizidisha maabara, tupate miche elfu tano, na familia za kwanza zinashuka mwezi wa kumi."

"Na kama ikitokea silo?"

Kemilembe alidhani ni swali la kitaalamu. "Tutajua baada ya kupanda. Miche itakufa. Na wakati huo watu watakuwa wamekwisha bomoa nyumba zao za huku." Akafunga begi. "Ndiyo maana nafurahi kwamba ni wewe. Mzee anasema hujawahi kupoteza hata kimoja. Nitapitia karatasi Ijumaa."

Ilikuwa Jumatano. Baada ya mgeni kuondoka Tunsume aliisoma karatasi mpaka maneno yakapoteza maana. Alifikiria kuandika tu kwamba ana shaka, neno moja la kitaalamu ambalo lingeisimamisha kazi bila kumtaja mtu. Alifikiria kusema kwamba makabati ya Kituo yaliharibika. Kila njia aliyoifikiria ilikuwa na uongo mwingine ndani yake, na kila uongo ulihitaji kupelekwa kwa yule mzee kwa miguu yake mwenyewe.

*

Alikwenda Alhamisi asubuhi. Mzee Simbeye alikuwa amevaa shati jeupe. Juu ya meza kulikuwa na sanduku la bati lililofunguliwa, nguo zimekunjwa nusu.

"Umekuja kunisaidia kufunga?" alisema kwa utani. "Wanasema nitakuwa kwenye gari la kwanza. Nitalitia majini kwa mkono wangu. Karibu ukae."

"Mzee, nina jambo. Naomba uniruhusu niliseme lote kabla hujanijibu."

Akalisema lote. Alisema juu ya dawa maradufu, na taa ya njano, na harufu ya chupa. Alisema juu ya kabati la mwisho. Sauti yake ilikuwa ikikatika, lakini hakuruka kitu. Alipomaliza alisikia maji yakichuruzika kwenye mfereji wa bwawa nyuma ya nyumba.

Mzee alikaa juu ya kitanda. Alilitazama sanduku kwa muda, kana kwamba alisahau ni la nani.

"Miaka mitatu," alisema.

"Ndiyo, Mzee."

"Kila asubuhi nimetoka na kigoda changu. Nimemweleza habari za wanawe." Akamgeukia. "Nilikuwa nikizungumza na nani?"

Tunsume alipiga magoti sakafuni, na Mzee akainua mkono kumzuia, si kwa upole.

"Inuka. Usinipigie magoti. Nataka uniambie kitu kimoja. Nilipokuja siku ile kwenye foleni, nilikuwa nimekwisha mzika mke wangu. Nilikuwa nimemfukia kwa koleo langu mwenyewe, kwenye ardhi ambayo ilibidi tuivunje barafu kwanza. Nani alikwambia kwamba mtu aliyebeba hilo hawezi kubeba kiazi kimoja kilichooza?"

"Ulisema likiondoka, na wewe..."

"Nilisema! Mtu husema! Ungeniambia ningelia wiki, ningelia mwezi. Kisha ningemwendea Tamali nimwombe kipande, yakaisha!"

Alisikia alichokisema. Tunsume akaushika ukingo wa meza, akainuka.

"Tamali ni nani?" aliuliza.

"Shemeji yangu. Mdogo wake Esnati." Mzee alikuwa amesimama tayari. "Mwaka wa pili wa huku juu, lilipozaa kitoto kando, Esnati alikigawa akampelekea. Yuko Ilungu. Hakuwahi kukileta kwako, alikuwa akikilaza mwenyewe kwenye chungu karibu na jiko, kama walivyofanya mama zao. Nilikuwa sijamtaja kwa yule binti wa ofisi. Hatusemezani tangu msiba. Alitaka dada yake asubiri, awekwe kwenye barafu mpaka ziwa lirudi, akazikwe nyumbani. Mimi sikuweza kumwacha mke wangu kwenye kasha." Alichukua koti. "Una gari?"

*

Ilungu ilikuwa mwendo wa saa mbili kwa gari la Kituo, barabara ya vumbi iliyoshuka na kupanda kati ya mashamba ya viazi. Mzee alikaa mbele, mikono juu ya magoti. Mara moja tu alisema, "Kiazi kimoja kinatosha, sivyo? Kwa hizo mashine zao?" Tunsume akajibu kwamba hata kipande cha kiazi kinatosha, hata chenye jicho moja. Aliposema hivyo alihisi matumaini yakimpanda kifuani, na aliyaonea aibu, lakini hakuyafukuza. Alikuwa ameshaanza kupanga. Wangelikata jicho kwa kisu kilichochemshwa. Angelilaza yeye mwenyewe, angelala sakafuni karibu na kabati.

Bibi Tamali aliwapokea mlangoni akiwa ameinama juu ya fimbo mbili. Alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, mwenye macho makali, na alipomtambua mgeni wake aliisogeza fimbo moja kumpisha. Kisha akasema, "Karibu, shemeji," na sauti yake ikapasuka.

Waliketi jikoni. Kulikuwa na moto, na uji, na maneno ya kusalimiana ambayo yalichukua muda wake: watoto, wajukuu, mgongo. Mzee aliyajibu yote. Tunsume alizungusha macho akitafuta chungu. Kando ya jiko kulikuwa na karai pana la udongo lililojaa nyasi kavu, na kuku alikuwa amelalia mayai ndani yake.

Bibi aliona anapotazama. "Hilo ndilo lilikuwa la yungiyungi," alisema. "Si ndilo mlilolifuata? Nimesikia watu wa ziwa wamekuja kwako, shemeji. Habari imefika mpaka huku."

"Ndiyo," alisema Mzee. "Nilitaka kujua la kwako linaendeleaje."

"Langu halipo. Ni kipupwe cha pili sasa. Mgongo ulinikamata, kuinua karai la maji siwezi, na kuni ni za kuhesabu. Lakini sikulitupa hivi hivi, usinifikirie vibaya." Akasogea mbele kwenye kiti. "Nilimtuma binti wa jirani akaulize kwanza. Nikamwambia, nenda kwa shemeji yangu, usijioneshe, uulize tu kama la kwake lingali hai. Akarudi ananiambia, Bibi, si hai tu, lina maua saba, watu wanakwenda kulitazama. Nikasema basi, la dada lipo, mimi langu la nini? Nikalitoa nje."

Moto ulilia jikoni. Kuku alijigeuza juu ya mayai yake. Tunsume alihesabu bila kutaka: maua saba ulikuwa mwaka wa pili. Siku ile alipokwenda kuyatazama, akasimama kando ya bwawa na kunyamaza, kiazi cha Ntembwa kilikuwa kingali hai ndani ya karai hili. Bila shaka kilikuwa kinasubiri mvua.

"Mlilitoa wapi, Bibi?" aliuliza. "Nje upande gani?"

"Nyuma pale, kwenye shimo la taka. Barafu ililimaliza siku hiyohiyo. Kwa nini, mwanangu?" Hakungoja jibu. Alikuwa amemgeukia shemeji yake na kuushika mkono wake. "Nilikuwa na hasira nawe miaka yote hii. Nilisema umemwacha dada yangu kwenye ardhi ya ugenini. Sasa nimesikia unalirudisha yungiyungi lake Ntembwa, na nimejiambia basi, yatosha. Mwili haukurudi, lakini yeye anarudi. Wewe ndiye umemrudisha." Machozi yalimtoka, akayaacha. "Lina hali gani? Lina nguvu za safari?"

Tunsume alimtazama Mzee. Alimwona akifungua mdomo, akiufunga, akiutazama ule mkono mdogo uliokauka juu ya wake.

"Lipo, shemeji," alisema Mzee Simbeye. "Lina nguvu. Lipo."

*

Mzee aliaga upesi kuliko adabu ilivyotaka. Alitembea hadi kwenye gari, akaingia, akafunga mlango. Tunsume alipanda upande wake lakini hakuwasha. Kwenye kioo cha mbele Bibi Tamali alionekana akiwapungia kwa fimbo moja, kisha akarudi ndani.

"Umeona?" alisema Mzee.

"Nimeona."

"Lilinitoka kabla sijafikiri. Hata sijui lilitoka wapi." Alikuwa akivitazama viganja vyake. "Sasa nimejua ulivyoingia humo. Usidhani nimekusamehe. Nimejua tu."

Tunsume aliuchomoa ufunguo wa gari.

"Leo atalala na amani," Mzee aliendelea. "Na kesho karatasi yako itafika kwa yule binti, na keshokutwa habari itapanda mpaka huku, kama ile ya maua ilivyopanda. Ataisikia kwa jirani. Atajua kwamba nilikaa jikoni kwake, nikashikwa mkono, nikamdanganya. Atajua kwamba alilitoa la mwisho kwa mkono wake, na atakuwa peke yake atakapojua." Alipumua kwa nguvu. "Si haki mtu alijue hilo akiwa peke yake. Na mimi siwezi kumwambia. Nimejaribu mle ndani, nimeshindwa. Wewe asubuhi uliweza."

"Twende wote, Mzee."

"Tangulia. Mwambie kiazi chako, na taa yako, na yote, kama ulivyoniambia mimi. Usiupunguze. Ukifika kwenye jina langu, nitakuwa nimefika mlangoni. Nipe muda huo tu."

Nje baridi ilikuwa imeanza kushuka kutoka mlimani, ingawa jua la alasiri lilikuwa bado juu, jua jipya lisilo na utando, ambalo watu wa Kitulo walikuwa hawajazoea kuliangalia. Tunsume alivuka ua. Alipita karibu na shimo la taka na hakuweza kujizuia kutazama: majivu, maganda ya viazi, kipande cha ndoo. Alifika mlangoni, akapiga hodi.

"Karibu," ilijibu sauti, na Bibi Tamali akafungua akiwa bado anafuta uso kwa ncha ya kitenge. Alitabasamu alipomwona. "Ni wewe tena? Umesahau kitu, mwanangu?"

"Sikusahau kitu, Bibi," alisema Tunsume. "Naomba tukae chini."